Trekta Linapochemsha: Namna ya Kutafuta Chanzo Hatua kwa Hatua

Trekta likianza kuchemsha, wengi hukimbilia kununua vipuri. Leo themostati (vali inayofunguka kwa joto na kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta), kesho pampu ya maji, keshokutwa rejeta nzima, na sindano ya joto bado inapanda vilevile. Mwongozo huu unafuata njia nyingine, yaani kupima kabla ya kufungua, kutoka nje kuelekea ndani, na kutoka kwenye kazi isiyogharimu kitu kuelekea ile inayogharimu sana. Katika matrekta niliyoyashughulikia, mengi yalikuwa na tatizo lililoweza kuonekana kwa macho, kuguswa kwa mkono au kupimwa kwa chombo kidogo, na machache tu ndiyo yaliyohitaji kufunguliwa silinda hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda.

Ni vizuri kwanza kuelewa joto linakotoka na linakokwenda. Dizeli inapoungua ndani ya silinda, takribani theluthi moja tu ya nishati yake hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta jembe. Sehemu nyingine inayokaribia kiasi hicho hutoka pamoja na moshi, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni lazima ichukuliwe na maji ya rejeta na oili, kisha ikabidhiwe kwa hewa. Kwa hiyo injini huchemsha kwa moja ya sababu mbili: ama inatengeneza joto zaidi kuliko inavyopaswa, ama joto lake la kawaida halipati njia ya kutoka. Sababu hii ya pili ndiyo inayokutwa mara nyingi zaidi, na ndiyo itakayoshughulikiwa kwanza.

Zaidi ya hayo, trekta si gari. Gari likiwa barabarani husaidiwa na upepo wa mwendo wake lenyewe, lakini trekta linalolima hutembea kilomita tano hadi nane kwa saa, likiwa na mzigo karibu na mwisho wa nguvu zake, kwa saa nyingi mfululizo, katikati ya vumbi na makapi lililoyarusha lenyewe. Hewa yote inayopita kwenye rejeta inavutwa na feni. Kasoro ndogo ambayo kwenye gari ingejificha kwa miaka, kwenye trekta hujitokeza siku ya kwanza ya kulima ardhi ngumu.

Hatua ya kwanza: simamisha trekta bila kuliumiza wala kujiumiza

Sindano ikikaribia alama nyekundu, ondoa mzigo mara moja kwa kuinua jembe au kuzima mtambo unaoendeshwa na shafti ya nyuma. Kama hakuna mvuke wala maji yanayomwagika, na feni bado inazunguka, toa gia na uiache injini izunguke kwa kasi ya wastani bila mzigo kwa dakika mbili au tatu, kwa sababu ukiizima ghafla ikiwa na joto kali maji husimama papo hapo na yale yaliyo karibu na hedi huchemka. Lakini ikiwa maji yamekwisha, mkanda umekatika, au sindano inaendelea kupanda hata baada ya mzigo kuondolewa, izime bila kusubiri, kwa kuwa injini isiyo na maji haipoi kwa kuzunguka.

Shusha jembe chini, vuta breki ya mkono, chomoa ufunguo, weka vizuizi kwenye magurudumu. Kisha subiri. Maji yaliyo chini ya presha yanaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 110 bila kuchemka, na mfuniko ukifunguliwa tu hulipuka na kuwa mvuke unaobabua uso na mikono kwa sekunde moja. Usifungue mfuniko mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja kitupu bila kuondoa mkono. Hata hapo, uzungushe taratibu hadi kituo cha kwanza ukiwa umeufunika kwa kitambaa kinene, uiache presha itoke, ndipo uuondoe. Wala usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto, kwani chuma cha hedi na cha bloku (mwili wa injini wenye silinda) hupasuka kinapopoa upande mmoja ghafla, na hapo utakuwa umeligeuza tatizo la mkanda kuwa tatizo la injini nzima.

Hatua ya pili: hakikisha kwamba joto ni la kweli

Geji hudanganya kwa pande zote mbili. Inaweza kuonyesha joto kali wakati injini ni salama, na inaweza kuonyesha ubaridi wakati injini inaungua, hasa pale maji yanapokuwa yamepungua hadi senza ikabaki kwenye hewa badala ya kuzama ndani ya maji. Ndiyo sababu sindano iliyoshuka ghafla wakati wa kazi nzito si habari njema, na inapaswa kumfanya dereva asimame.

Chombo kimoja ambacho ningemshauri kila mwenye trekta awe nacho ni kipimajoto kinachosoma kwa miali bila kugusa. Kielekeze kwenye kifuko cha themostati, mahali palipopakwa rangi au palipo peusi, kwa sababu chuma kinachong'aa husoma joto la chini kuliko lilivyo. Injini nyingi za dizeli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 80 na 95 hivi za Selsiasi. Geji ikiwa kwenye nyekundu na kipimajoto kinasoma 85, tatizo ni la geji, senza au waya. Katika geji nyingi za umeme, ukichomoa waya kwenye senza sindano hushuka hadi upande wa baridi. Ikibaki juu, waya umechubuka na kugusa chuma mahali fulani, au geji yenyewe imeharibika. Matrekta ya zamani yenye geji ya mrija mwembamba hupimwa kwa kuichomoa ncha yake na kuitumbukiza ndani ya maji yanayochemka, kisha kutazama kama sindano inafika panapostahili.

Hatua ya tatu: uliza inachemsha lini

Hapa ndipo pa kutumia muda, kuliko hatua nyingine yoyote. Kabla ya kushika spana, kaa na dereva, au ujiulize mwenyewe kama ndiwe uliyekuwa ukiendesha: joto hupanda dakika ngapi baada ya kuwasha, likiwa na mzigo gani, kwenye gia ipi, na je, maji hupungua?

Injini inayochemsha ndani ya dakika kumi za kwanza, hata bila mzigo, huelekeza kwenye themostati iliyokwama ikiwa imefungwa, maji machache, pampu isiyosukuma, au gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Inayofanya kazi nyepesi bila shida na kuchemsha tu inapolima huelekeza kwenye rejeta iliyoziba, mkanda unaoteleza, au joto la ziada linalotoka kwenye mfumo wa dizeli. Inayochemsha taratibu zaidi kila wiki, mpaka leo inashindwa kazi iliyokuwa ikiiweza mwezi uliopita, kwa kawaida imeziba, ama kwa nje kutokana na makapi, ama kwa ndani kutokana na ukoko wa chokaa na kutu. Iliyoanza kuchemsha siku moja tu baada ya kutoka kwa fundi inataka uanze na kile alichokigusa fundi.

Kuna dalili moja ambayo madereva makini huitaja bila kujua uzito wake: trekta hupata joto likilima kuelekea upande mmoja na hupoa likirudi. Hiyo ni kazi ya upepo. Ukivuma kutoka nyuma, hurudisha vumbi na hewa yenye joto mbele ya rejeta, na trekta ambalo mfumo wake umebakiza nguvu kidogo tu za kupooza hushindwa upande huo. Dalili hiyo inakuambia kwamba hakuna kilichovunjika bado. Kuna kitu kinachopungua, na mara nyingi ni hewa.

Chunguza pia namna trekta linavyoendeshwa. Dereva anayeng'ang'ania gia ya juu mpaka injini inazubaa na kutoa moshi mweusi anaitaka injini itoe nguvu nyingi huku feni na pampu, ambazo huzungushwa na injini hiyohiyo, zikizunguka polepole. Shusha gia moja, injini ipate mizunguko yake, kisha utazame sindano kabla ya kufungua chochote.

Hatua ya nne: maji na mfuniko

Injini ikiwa baridi, fungua na utazame. Maji yafunike mirija ya juu ya rejeta. Yakiwa yamepungua, yamekwenda mahali: tafuta madoa ya rangi ya kutu au chumvi nyeupe kwenye viungo vya mipira, chini ya pampu, kwenye maungio ya rejeta na kwenye vizibo vya bloku. Uvujaji mdogo mara nyingi huonekana injini ikiwa baridi tu, kwa sababu ikipata joto tone hukauka kabla ya kudondoka.

Rangi ya maji nayo ina maana. Maji ya kahawia kama chai nzito yana kutu, na pengine tayari kuna matope chini ya bloku. Utando wa mafuta juu ya maji unaweza kutoka kwenye kipoza oili kilichotoboka au kwenye gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku), na tutaurudia. Maji matupu ya kisima, yenye chokaa nyingi, huacha ukoko kwenye kuta za silinda, na ukoko huo hupitisha joto vibaya sana ukilinganishwa na chuma, kiasi kwamba unene wa milimita moja na nusu tu unatosha kuleta shida. Mchanganyiko wa nusu maji laini na nusu glikoli (kimiminika cha kuzuia maji kuganda) yenye dawa ya kuzuia kutu ndio unaofaa injini nyingi, hata mahali ambapo maji hayagandi. Hata hivyo glikoli tupu isiyo na maji haifai, kwa kuwa hubeba joto kidogo kuliko maji. Tena ni sumu yenye ladha tamu, kwa hiyo usiiache kwenye beseni mahali ambapo mbwa au mifugo hupita.

Mfuniko wa rejeta ni kipuri kinachodharauliwa kupita vyote. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini katika mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko unaoshikilia presha ya baa 0.5 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 111 usawa wa bahari, na wa baa 1 hadi karibu 120. Spiringi ikichoka au raba ikipasuka, faida hiyo yote hupotea na maji huanza kuchemka na kutoka kwenye mrija wa ziada ingawa injini ina joto la kawaida. Tazama raba, bonyeza spiringi, safisha mdomo wa rejeta unapokalia mfuniko. Mpira wa juu ukisinyaa na kubanana wakati injini inapoa, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimeziba. Weka mfuniko mpya wenye presha ileile iliyoandikwa na mtengenezaji. Wa presha kubwa zaidi hautibu ugonjwa, unatafuta tu mpira dhaifu wa kuupasua.

Hatua ya tano: njia ya hewa

Kama ningeruhusiwa hatua moja tu, ningechagua hii. Fungua boneti, toa wavu wa mbele, na utazame rejeta kwa mwanga wa tochi kutoka upande wa pili. Mwanga unapaswa kupenya karibu kila mahali. Usiridhike na kuona upande wa mbele safi, kwa sababu katika matrekta mengi kipoza oili cha haidroliki au kipoza cha kiyoyozi kimefungwa mbele ya rejeta, na uchafu hujikusanya katikati ya viwili hivyo, mahali ambapo jicho halifiki. Niliwahi kufungua pampu na kubadilisha themostati kwenye trekta moja, kazi ya siku mbili, kabla ya kukifungua kipoza oili na kukuta nyuma yake blanketi la makapi na mbegu za nyasi nene kama kidole. Tangu siku hiyo sigusi kitu kingine chochote kabla ya kutenganisha vipoza hivyo.

Safisha kinyume na njia ya hewa. Kwa kuwa feni nyingi za matrekta huvuta hewa kutoka mbele kuelekea injini, upulize kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ukipuliza kutoka mbele utausukuma uchafu ndani zaidi. Tumia hewa ya presha ndogo, ncha ikielekea moja kwa moja, sambamba na mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), na mbali kidogo, kwa kuwa mapezi ni membamba na hujikunja kwa mpulizo wa pembeni. Mahali palipo na mchanganyiko wa oili na vumbi, hewa peke yake haifui dafu: acha rejeta ipoe, nyunyiza sabuni ya kuondoa grisi, isubiri, kisha suuza kwa maji ya kawaida ya bomba. Halafu tafuta ilikotoka oili hiyo, kwa sababu rejeta yenye unyevu wa oili hushika vumbi upya ndani ya siku chache. Mapezi yaliyolala yanyooshwe moja moja kwa kisu butu.

Usisahau kizingira cha feni, lile kava linaloizunguka. Likivunjika au likiachwa pembeni baada ya matengenezo, feni huvuta hewa iliyo karibu nayo badala ya kuivuta kupitia rejeta. Vivyo hivyo sponji na raba za kuziba mianya kandokando ya rejeta, ambazo wengi huziona pambo: kazi yake ni kuizuia hewa ya moto ya injini isizunguke na kuingia tena mbele.

Hatua ya sita: mkanda na feni

Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Kwa injini nyingi unapaswa kuingia milimita 10 hadi 13 hivi. Ukiingia zaidi, unateleza chini ya mzigo hata kama haupigi kelele. Mkanda wenye pande zinazong'aa kama kioo, au unaogusa chini ya mfereji wa puli badala ya kubana pembeni, umekwisha na hauponi kwa kukazwa. Mkanda uliokazwa kupita kiasi nao huua beringi za pampu na za alteneta.

Tazama mapanga ya feni kama yamepinda, na kama feni haikufungwa nyuma mbele. Feni iliyogeuzwa bado hupuliza upande uleule, lakini kwa nguvu ndogo sana, ndiyo maana kosa hilo hukaa miezi bila kugunduliwa. Kwenye matrekta mapya zaidi yenye klachi ya mafuta katikati ya feni, zima injini, chomoa ufunguo, kisha izungushe feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mara kadhaa bila ukinzani, au ukiona mafuta yamemwagika kitovuni, klachi hiyo imekufa.

Hatua ya saba: themostati

Washa injini ikiwa baridi na upime kwa kipimajoto mpira wa juu au tangi la juu la rejeta. Kwa dakika za mwanzo unapaswa kubaki na joto la chini huku kifuko cha themostati kikipanda. Kisha, karibu na nyuzi zilizochongwa kwenye themostati, kwa mfano 82, mpira wa juu unapata joto ghafla. Kifuko kikifika 95 na mpira bado uko 50, themostati haijafunguka.

Ithibitishe kwa kuitoa na kuining'iniza kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto cha kuzamisha, bila chochote kugusa kitako cha sufuria. Ipashe moto ukitazama inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi na inafunguka kwa upana gani. Kwa kawaida hufunguka kabisa nyuzi kumi hivi juu ya ile namba iliyochongwa. Isipofunguka, au ikifunguka nusu, itupe.

Ninaomba lisifanyike jambo moja linalofanyika mno: kuiondoa themostati na kuliacha trekta lifanye kazi bila hiyo. Injini inayobaki baridi huchoma dizeli vibaya, huchafua oili yake na hulika haraka silinda na ringi. Mbaya zaidi, katika injini nyingi themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ikiondolewa, sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupitia rejeta, na trekta chini ya mzigo linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Hatua ya nane: mzunguko wa maji

Sasa fanya kipimo kinachotenganisha tatizo la hewa na tatizo la maji. Trekta likiwa linafanya kazi ngumu na limepata joto lake, lisimamishe, acha injini ikizunguka, na upime haraka maji yanayoingia rejeta juu na yanayotoka chini. Tofauti ya nyuzi sita hadi kumi na mbili hivi ni ya kawaida. Tofauti ikiwa ndogo sana na kote kuna moto, maji yanazunguka lakini hayakabidhi joto lake kwa hewa, hivyo rudi hatua ya tano na ya sita. Tofauti ikiwa kubwa, nyuzi 20 au zaidi, maji yanapita polepole na kupoa kupita kiasi njiani, na kosa liko kwenye mirija iliyoziba, pampu au mpira.

Pitisha kipimajoto kwenye uso wa rejeta kutoka upande hadi upande. Doa la ubaridi katikati ya eneo lenye joto ni mirija isiyopitisha maji. Ukiikuta, jaribu kusuuza kwa kinyume: toa themostati, ondoa mipira yote miwili, ingiza maji safi kutoka chini yatoke juu mpaka yawe meupe, na ufanye bloku peke yake vilevile. Ukoko mgumu hauondoki kwa maji matupu. Unahitaji dawa ya kuyeyusha au fundi wa rejeta anayefungua matangi na kupitisha fimbo kwenye mirija.

Mpira wa chini uko upande ambao pampu inavuta. Ukilainika kwa uzee, au ukikosa spiringi yake ya ndani, hubanana injini inapopandishwa mizunguko na kufunguka inaposhuka, kwa hiyo utazame injini ikiwa na kasi, si ikizunguka taratibu. Kwa pampu, tafuta maji kwenye tundu dogo lililo chini ya shingo yake, shika feni na uitikise kusikia kama beringi imelegea. Injini ikiwa na joto la kufungua themostati, wengine hufungua mfuniko ili waone maji yakizunguka. Mimi nashauri badala yake kuanza na mfuniko ukiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, na kutazama mpaka mtiririko uonekane kwenye tangi la juu. Usipoonekana na themostati ni nzima, fungua pampu, kwani mapanga yake ya ndani huliwa na kutu au huteleza kwenye shafti.

Matrekta machache ya zamani, kama John Deere A na B ya silinda mbili, hayakuwa na pampu kabisa; maji hupanda yenyewe yakipata joto na kushuka yakipoa. Humo kiwango cha maji kikishuka chini ya mlango wa juu wa rejeta, mzunguko wote husimama. Na injini zinazopozwa kwa hewa, mfano wa nyingi za Deutz, hazina maji ya kukagua: zinadai mkanda, feni, na mapezi ya silinda yaliyo safi.

Hatua ya tisa: gesi ya silinda ndani ya maji

Ukifika hapa bila jibu, au tangu mwanzo maji yanapungua bila kuvuja popote, ishuku gasketi ya hedi. Mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika moja au mbili baada ya kuwasha injini baridi ni dalili nzito, kwa kuwa maji hayajapata joto la kutosha kuleta presha hiyo. Oili nyeupe kama maziwa kwenye kijiti chake, na moshi mweupe usiokwisha injini ikishapata joto, huongeza ushahidi.

Ili kuthibitisha, injini ikiwa baridi kabisa, toa mkanda ili pampu isizunguke, toa themostati, jaza maji mpaka mdomoni, washa injini na utazame kwa dakika moja, isizidi mbili. Mapovu yanayotoka mfululizo ni gesi ya mwako. Ipo pia dawa ya buluu inayovutiwa hewa ya rejeta na kubadilika kuwa ya kijani au njano ikikuta gesi hiyo. Oili ndani ya maji bila mapovu hata kidogo, kwa upande mwingine, inataka ukipime kipoza oili kabla ya kuigusa hedi.

Hedi ikifunguliwa, ipimwe kama imenyooka kwa rula ya chuma na vibapa vya kupimia nafasi, kwa mshazari na kwa urefu, na ichunguzwe nyufa kati ya valvu. Kufunga gasketi mpya chini ya hedi iliyopinda ni kurudia kazi baada ya wiki chache.

Hatua ya kumi: joto linalozidi

Mfumo wa kupooza ukiwa mzima na bado injini inachemsha chini ya mzigo, inatengeneza joto kupita kiasi. Chujio la hewa lililoziba na dizeli iliyozidishwa kwenye pampu ya dizeli hutoa moshi mweusi na moto mwingi kwenye ekzosi. Taimingi ya pampu ya dizeli (wakati inaponyunyiza dizeli ndani ya silinda) ikichelewa hufanya dizeli iendelee kuungua wakati pistoni inashuka, joto likaenda kwenye kuta za silinda na ekzosi badala ya kwenda kwenye kazi. Trekta huwa zito, sauti yake hufifia, na mara nyingi historia yake ni pampu iliyotolewa kwa matengenezo. Breki zinazobana, oili ya injini iliyopungua, na jembe lililowekwa kina kinachozidi uwezo wa trekta huongeza mzigo wao.

Baada ya kutengeneza

Jaza maji polepole, kizibo cha kutolea hewa kikiwa wazi kama kipo, na vali ya joto la kebini ikiwa wazi. Washa injini mpaka themostati ifunguke, maji yatashuka, ongeza, kisha funga. Hewa iliyobaki kwenye hedi huiga dalili zote za themostati mbovu, na wengi huanza upya safari nzima kwa sababu hiyo. Lifanyishe trekta kazi ileile iliyolishinda, pima juu na chini ya rejeta baada ya nusu saa, na uziandike namba hizo kwa kalamu ya rangi ndani ya boneti pamoja na tarehe. Siku sindano itakapopanda tena, utakuwa na cha kulinganishia.